Stali 3,500 kwenye Mark II ya kila siku?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Mark II JZX110 yenye injini ya 1JZ-GTE VVT-i, giaboksi oto ya gia nne. Nimetoa turbo ya kiwandani nikafunga kubwa zaidi, nikaongeza intakula (kipoza hewa ya turbo) ya mbele, sindano na pampu ya mafuta, na kompyuta imeshatuniwa upya. Presha ya turbo inaanza kuonekana kwenye RPM 3,200 na inatimia 3,800. Ikishafika huko gari halishikiki, ila kabla ya hapo ni zito kuliko hata nilivyolinunua. Naishi Buhongwa hapa Mwanza, kazini ni Kirumba, na mara kwa mara naenda Musoma au Geita na familia. Rafiki yangu wa Dar ana konveta ya stali 3,500 aliyoagiza kwa gari lake kisha akaghairi, anasema ndiyo dawa. Niichukue? Kama si hiyo, ya ngapi?

JIBU: Marahaba. Usiichukue. Kwa msomaji mgeni: konveta ni bakuli la oili linalopokeza nguvu ya injini kwenye giaboksi oto, stali ni RPM ya juu kabisa ambayo injini inafika gari likiwa limeshikwa na breki, na lokapu ni klachi ya ndani ya konveta inayoizuia isiteleze. Kwa gari ulilolieleza na barabara unazopita, agiza konveta yenye lokapu ambayo stali yake ni kati ya 2,800 na 3,000 ikipimwa kwa injini inayotoa msokoto (nguvu ya kuzungusha) wa Nm 400. Na kabla hujalipa hata shilingi moja ya konveta, funga rejeta ya nje ya oili ya giaboksi pamoja na geji ya joto. Hilo ndilo jibu lenyewe. Yanayofuata ni kukuonyesha nimelitoa wapi, maana muuzaji yeyote utakayeongea naye atakutajia namba yake, na bila hesabu hutajua kama anakufaa au anakuondolea mzigo dukani kwake.

Nianze na dalili yako ya gari kuwa zito kuliko lilivyotoka kiwandani, kwa sababu imebeba nusu ya jibu.

Ndani ya konveta kuna mapanga ya aina tatu kwenye bakuli moja lililojaa oili. Impela imeungana na bakuli lenyewe na inazungushwa na injini kupitia fleksipleti, bamba linaloiunganisha injini na konveta. Tabini imekaa kwenye shafti inayoingia giaboksi. Katikati yao kuna steta, ambayo kazi yake ni kuigeuza oili inayorudi kutoka kwenye tabini ili iingie kwenye impela ikiisukuma badala ya kuipinga. Steta ndiyo inayozidisha msokoto. Gari likiwa limesimama, konveta nyingi za kiwandani zinatoa karibu mara mbili ya msokoto wa injini. Kadiri gari linavyochanganya, ongezeko hilo linapungua, mpaka tabini inapofikia kama asilimia 85 au 90 ya mwendo wa impela. Hapo steta inaachiwa izunguke bure na konveta inabaki kupokeza tu kile ilichopewa.

Stali ni RPM ya juu kabisa ambayo injini inaweza kufika wakati tabini imegoma kuzunguka, yaani uko kwenye D, breki imeshika, na umekanyaga mafuta hadi chini. Kosa linaloniletea maswali mengi ni kuidhania stali kuwa namba ya konveta. Ni namba ya konveta na injini kwa pamoja. Konveta ileile ukiihamishia kwenye injini yenye nguvu zaidi, stali inapanda. Ukiipeleka kwenye injini dhaifu, inashuka. Na inapanda kwa kipeuo cha pili cha msokoto. Ukizidisha msokoto mara nne, stali inaongezeka mara mbili.

Sasa tazama gari lako. 1JZ-GTE ya VVT-i ilitoka kiwandani ikitoa Nm 378 kwenye RPM 2,400 tu. Turbo yake ndogo iliamka mapema sana, na konveta ilichaguliwa iendane na hilo. Tuseme ya kwako ilikuwa inafika stali ya 2,200 ikiwa na Nm 360. Umeng'oa turbo hiyo ukaweka inayoamka 3,200. Chini ya hapo, injini yako sasa ni ya lita 2.5 isiyo na turbo, tena yenye mgandamizo mdogo kwa sababu ilisanifiwa kwa turbo. Tuseme inatoa Nm 220 huko chini. Gawanya 2,200 kwa kipeuo cha pili cha 360, zidisha kwa kipeuo cha pili cha 220, unapata kama 1,720. Umeongeza nguvu za juu, lakini stali yako imeshuka kwa karibu RPM 500 bila wewe kugusa konveta. Ukikanyaga mafuta kutoka kusimama, injini inang'ang'ana kwenye 1,700 huku turbo ikisubiri 3,200. Ndiyo uzito unaousikia.

Kuna jambo jingine ambalo rafiki yako wa Dar hawezi kulihisi. Ziwa Victoria liko zaidi kidogo ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hakuna sehemu ya mji wa Mwanza iliyo chini ya ziwa. Kwenye kimo hicho mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 87 au 88 ya ule wa pwani. Injini ambayo turbo yake haijaamka inavuta hewa iliyopo tu, kwa hiyo msokoto nao unapungua kiasi hichohicho: ukiwa na Nm 250 Dar es Salaam, hapa una 220. Kwa kipeuo cha pili, stali inashuka kama asilimia 6. Konveta inayopiga 3,000 Mbagala itapiga 2,800 na kitu Mkolani, kwenye gari lilelile, kabla turbo haijaanza kusukuma. Turbo nayo inachelewa kidogo zaidi kwa sababu inaanza na hewa nyepesi. Kwa hiyo kweli mtu wa Mwanza anahitaji konveta iliyolegea kidogo, yaani yenye stali ya juu kidogo, kuliko mwenzake wa pwani mwenye gari kama lake. Kidogo, siyo kwa RPM elfu moja.

Turudi kwenye hesabu, safari hii kwa konveta mbili tunazolinganisha. Chukua ya 3,000 iliyopimwa kwa Nm 400. Turbo ikiwa imelala na injini ikitoa Nm 220, itakupa stali ya 2,225. Hiyo ni RPM 500 juu ya ulipo sasa, na haibaki hapo: injini ikiwa chini ya mzigo kwenye 2,200 inaanza kujenga presha kidogo, presha inaleta msokoto, msokoto unapandisha stali, na ndani ya muda mfupi umeshaingia kwenye eneo la turbo. Ikishatimia na injini ikatoa, tuseme, Nm 500, stali inakuwa 3,350. Gari la turbo lina stali mbili, ya usingizini na ya macho, na konveta nzuri ni ile inayokubalika kwenye zote mbili.

Ya 3,500 ikipimwa kwa Nm 400 hiyohiyo itakupa 2,600 turbo ikiwa imelala. Tamu, ukiishia hapo. Lakini turbo ikitimia inafika 3,900. Maana yake ni kwamba kila ukikanyaga sawasawa chini ya 3,900, injini inaruka hadi huko na kupiga kelele wakati gari bado linatafuta mwendo, na tofauti yote kati ya injini na giaboksi inageuka kuwa joto. Na hapo nimedhani kwamba rafiki yako anajua ilipimwa kwa msokoto gani. Muulize. Akisema “imeandikwa tu 3,500”, basi haijulikani ni konveta gani. Ikiwa ilipimwa kwa injini ya V8 ya Nm 600, kwako itakuwa ngumu, yaani yenye stali ya chini, kuliko anavyokuahidi. Ikiwa ilipimwa kwa injini ndogo ya Nm 250, itakuwa imelegea kupita kiasi.

Sasa fikiria ni lini hasa hiyo stali ya juu ingekusaidia. Giaboksi ya A340E ina uwiano wa 2.804 gia ya kwanza, 1.531 ya pili, 1.000 ya tatu na 0.705 ya nne; hakikisha ya kwako kwenye kibati cha gari, maana ndugu zake wanatofautiana kwenye gia ya kwanza. Ukibadili kutoka ya kwanza kwenda ya pili ukiwa 6,500, mzunguko wa shafti unashuka hadi 3,550. Kutoka ya pili kwenda ya tatu unashuka hadi 4,250 hivi. Turbo yako inaamka 3,200. Yaani ukiwa unakimbia kweli, kila gia mpya inakukuta ukiwa tayari ndani ya presha, hata na konveta ya kiwandani. Stali 3,500 ingekufaa wakati mmoja tu: kuondoka kutoka kusimama kwa moto wote. Kwenye mashindano ya mita 400, wakati huo ndio mchezo wenyewe. Kutoka Buhongwa kupita Nyegezi, Mkuyuni na Igogo asubuhi ya Jumatatu, utaupata wapi? Na hata ukiupata, tairi mbili za nyuma zenye Nm 500 zilizozidishwa na konveta na gia ya kwanza zitazunguka pale pale.

Hapo naomba nikutoe hofu moja inayowasumbua watu kwa upande wa pili. Si kweli kwamba gari la stali 3,000 halisogei mpaka RPM ifike 3,000. Ukikanyaga kidogo, injini inatoa msokoto mdogo, na stali kwa msokoto mdogo ni ndogo. Kwenye foleni utaondoka kwa RPM 1,500 au 1,800 kama kawaida. Utakachokiona ni kwamba gari halijivuti lenyewe kwa nguvu kama zamani ukiachia breki, na mshale wa RPM unatangulia kidogo mwendo. Kwenye miinuko mikali kama ya Isamilo au kuelekea Bugando, ukiachia breki gari linaweza kurudi nyuma kidogo kabla ya kushika. Utazoea kutumia breki ya mkono. Mama watoto akiliendesha mwambie kabla, asije akaligonga la nyuma yake.

Kinachoamua kama konveta hii itaishi na wewe ni joto, na hapa nataka nikae kidogo.

Nguvu yote inayopotea kwa kuteleza ndani ya konveta inaingia kwenye oili. Tuseme gari na abiria ni kilo 1,700, unapanda mwinuko wa asilimia 8 kwa spidi ya 50. Injini inatoa kama kilowati 25. Konveta ikiteleza asilimia 10, kilowati 2.5 zinaenda kwenye oili. Iliyolegea ikiteleza asilimia 20 kwenye kazi hiyohiyo, ni kilowati 5. Ni kama umewasha mabirika mawili makubwa ya umeme na kuyaacha yakichemka ndani ya giaboksi. Mwinuko mfupi wa mjini unaisha kabla oili haijashtuka. Ila panda, shuka, simama kwenye foleni, panda tena, mchana wa jua kali, huku intakula yako ya mbele imeziba hewa ya rejeta, utaona geji inavyokwenda.

Oili ya giaboksi oto inafurahi ikiwa kati ya nyuzi 80 na 95 kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi. Ikikaa juu ya 120, inaanza kupoteza kazi yake, inaacha utando kwenye valvu, sili za mpira zinakauka na klachi zinaanza kuungua. Kipoza oili cha kiwandani kiko ndani ya tangi la chini la rejeta ya maji, kwa hiyo hakiwezi kuifanya oili iwe baridi kuliko maji yanayokizunguka, ambayo nayo ni ya moto. Ongeza rejeta ndogo ya nje, ya aina ya sahani zilizopangwa, siyo ile ya bomba moja lililopindwapindwa. Iunganishe baada ya rejeta ya maji, oili itoke kwenye konveta, ipite kwenye maji, kisha ipite kwenye hewa, ndipo irudi giaboksi. Itafutie mahali penye hewa yake. Nyuma ya intakula kabisa itakuwa pambo tu. Kama nafasi haipo, ifunge pembeni na feni yake ndogo ya umeme.

Sensa ya geji weka kwenye paipu inayotoka kwenye konveta ikiwa unataka kuona habari mapema, au kwenye sampu ikiwa unataka kujua hali ya jumla. Kwenye paipu usishtuke ukiona 120 kwa sekunde chache baada ya kukanyaga. Kwenye sampu, namba hiyo ni ya kusimama pembeni, kuweka N na kuacha injini iungurume taratibu oili izunguke ipoe. Geji hii ndiyo kitu kinachoachwa kwa “baadaye” kuliko vyote kwenye magari ninayoletewa, na giaboksi nyingi zilizoungua zingetoa taarifa mapema kama ingekuwepo.

Kwa safari zako ndefu, lokapu ndiyo itakayokuokoa. Ni klachi iliyomo ndani ya konveta inayofunga tabini na bakuli pamoja, kuteleza kunakuwa sifuri na joto linakatika. Fanya hesabu na difu ya 3.7 na tairi linalotembea mita 2 kwa mzunguko mmoja: kwenye spidi ya 80, gia ya nne, lokapu ikiwa imefunga, injini iko kama 1,740. Bila lokapu, ongeza RPM mia mbili au tatu, zote ni petroli na joto. Kutoka Magu hadi Lamadi hadi Bunda barabara imenyooka na unatembea saa nzima kwenye hali hiyohiyo. Kwenda Geita nako, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, hakuna tena kusimama kusubiri kivuko, giaboksi haipati hata ile nafasi ya kupoa uliyokuwa unailalamikia. Ukiona mtu anakuuzia konveta isiyo na lokapu kwa maelezo kwamba “ni ya mashindano, ni imara zaidi”, ni kweli ni imara zaidi, na si ya kwako.

Lokapu ya kiwandani ina sahani moja yenye utando wa msuguano, na ilipimwa kwa msokoto wa kiwandani. Inaweza kuishi na Nm 500 kwa sharti moja: isifungwe wakati umekanyaga moto wote. Mwambie aliyetuni kompyuta yako ahakikishe lokapu inaachia mafuta yanapozidi kiasi fulani na inafunga unapotembea kwa utulivu gia ya tatu na ya nne. Kama unapenda kuvuta kwa nguvu ukiwa gia ya juu lokapu imefunga, agiza yenye sahani zaidi ya moja, na ujiandae kwa bei. Kwa matumizi yako mimi ningebaki na sahani moja yenye utando bora. Na usikubali ujanja wa swichi ya mkononi kwenye dashibodi ya kufunga lokapu. Siku utakaposahau kuizima na kukanyaga breki ghafla, injini itazimika katikati ya barabara.

Kabla ya kuagiza, pima unachokimiliki. Giaboksi ipate joto la kawaida, tairi ziwekewe vizuizi, breki ya mkono juu, mguu wa kushoto kwenye breki, weka D, kanyaga mafuta hadi chini, soma RPM, achia. Isizidi sekunde 5, na usirudie mpaka oili ipoe. Asisimame mtu mbele ya gari. Ikionyesha juu sana kuliko unavyotegemea, klachi za giaboksi zinateleza na hakuna konveta itakayokusaidia. Ikionyesha chini mno, kama 1,200, huenda injini ni dhaifu au klachi ya upande mmoja ya steta (inayoizuia isizunguke kinyume) imekufa na oili inarudi ikiipinga impela. Nasisitiza hili kwa sababu dalili ya steta iliyokufa ni hiyohiyo ya kwako: gari zito kuondoka, zuri likishachanganya. Kwenye gari la mwaka 2000 na kitu lililotumika Japani kisha likatumika hapa, uwezekano huo upo. Kama unaogopa breki hazitashika, usifanye jaribio hilo. Tafuta barabara tupu, tembea taratibu gia ya kwanza, kanyaga ghafla, na umwombe mwenzako aangalie RPM inaruka hadi wapi kabla ya kuanza kupanda polepole pamoja na mwendo. Namba hiyo ndiyo ya kumpa mtengenezaji, ni ya kweli kuliko ya breki.

Kuhusu pa kuipata, una njia mbili. Ya kwanza ni kuagiza mpya kutoka kwa watengenezaji wa nje waliozoea 1JZ. Australia wapo wengi kwa sababu injini hizi zimejaa kwao. Ya pili ni kupeleka ya kwako kwa mtu anayejenga konveta upya: anaikata kwenye mashine ya kukereza, anabadilisha steta na kurekebisha pembe za mapanga, anaweka beringi mpya na utando mpya wa lokapu, kisha anaichomelea. Njia hiyo si mbaya, na stali ya 2,800 inafikika bila kupunguza kipenyo cha konveta. Ila muulize maswali mawili. Anailinganisha uzani baada ya kuichomelea? Anapima mtetereko wa shingo yake? Kwa Toyota, shingo ya konveta ikizungushwa isicheze zaidi ya milimita 0.30, na fleksipleti isizidi 0.20. Ikicheza zaidi itakula bushi na sili ya pampu, na utaona oili inavuja katikati ya injini na giaboksi. Fundi wa kuchomelea mageti, hata akiwa hodari vipi, hii si kazi yake.

Unapoagiza, usimtajie stali ukaishia hapo. Mtumie karatasi ya daino (mashine ya kupima nguvu ya gari) inayoonyesha msokoto kwa kila RPM, aina ya turbo, RPM inayoanza na kutimia presha, uzito wa gari, uwiano wa difu, ukubwa wa tairi, na kimo cha mji unaoishi. Mwambie wazi kwamba gari linapeleka watu kazini na linasafiri mbali. Mtaje pia presha ya turbo unayopanga baadaye, maana RPM kubwa na msokoto mkubwa vinaitanua konveta kwa ndani. Kwa kiwango chako, omba mapanga yaliyounganishwa kwa tanuri na beringi za sindano badala ya bushi za kusukumana. Bamba zito la kuzuia kuvimba si lazima, ila kama tofauti ya bei ni ndogo, chukua. Kama atakuuliza unataka izidishe msokoto mara ngapi, mwambie karibu 2. Zile za 1.6 ni za magari yenye nguvu ya kupindukia yanayotafuta tairi zisizunguke, na kwenye vilima vyetu utaikosa hiyo tofauti.

Siku ya kufunga, kaa pale pale. Konveta imiminiwe oili kama lita moja kabla ya kupachikwa, isianze ikiwa kavu. Fundi aizungushe huku akiisukuma mpaka iingie hatua zote: kwenye shafti ya steta, kwenye shafti ya kuingizia, na mwisho kwenye meno ya pampu. Mafundi wenye haraka huishia hatua ya pili, wanavuta giaboksi kwa bolti hadi inafunga, na pampu inavunjika injini ikiwashwa mara ya kwanza. Dalili ya kazi sahihi ni hii: giaboksi ikiwa imefungwa kwenye injini na bolti za konveta bado hazijakazwa, konveta iwe inazunguka kwa mkono na kuwe na pengo la milimita 3 hadi 5 kati yake na fleksipleti. Kama hakuna pengo, kila kitu kishushwe chini tena. Paipu za zamani za oili zisafishwe kwa presha, na kama konveta ya zamani ilikuwa na chembe za chuma, rejeta ya oili isirudishwe.

Baada ya hapo, kilomita 300 za kwanza tembea bila kukanyaga moto wote, kisha mwaga oili ya sampu uangalie sumaku. Unga mwembamba wa kijivu ni kawaida. Vipande vinavyometa si kawaida, rudi kwa fundi siku hiyohiyo. Weka oili ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari au kijiti cha kupimia, ukainunue kwa mtu unayemwamini. Kisha mpelekee gari aliyetuni kompyuta, kwa sababu RPM za kubadilisha gia na presha ya oili ndani ya giaboksi zilipangwa kwa konveta ya zamani. Bila hatua hiyo, gari litakuwa linabadilisha gia mapema na kuelea, na utaanza kulaumu konveta ambayo haina kosa. Ukiona RPM inaruka juu ya 3,600 turbo ikiwa imetimia, usiguse chochote, niandikie na namba za geji ya joto.